Mwethya wa Kompyuta

Nililipa karibu dola 20 kwa mchezo wa kompyuta ambao haukuwa umeisha. Unaitwa Valheim. Ulianza kuuzwa Februari 2021, kazi ya Waswidi watano, na mwaka wa 2025 kaskazini mwa ramani bado ilikuwa barafu tupu. Wenyewe walisema wanajenga. Hilo halinisumbui. Hapa mtaani kwetu Mumbuni tunahamia nyumba kabla ya plasta, vyuma vimechomoza juu vikingoja ghorofa ambayo mwenyewe ameshastaafu akiiota.

Kinachonichoma ni mwethya, ile kazi ya kusaidiana. Ndani ya mchezo mnaingia porini hadi watu kumi, mnakata miti, mnawinda, mnajenga pamoja. Nikasema, ala, si ndio ule ule wa mama zetu waliochimba matuta kwenye vilima vya Iveti, leo shamba lako, kesho langu? Kumbe mama zetu hawakuwa na mpwa wangu. Nikibeba magogo, yeye anatundika vichwa vya paa ukutani. Nikiita tukachimbe shaba: "Anko, nakuja." Haji. Na sina la kumfanya, maana dunia nzima ya mchezo wetu iko kwenye kompyuta yake. Stima ikipotea kwao, sote tunatupwa nje, hata kama nilikuwa katikati ya bahari na shehena.

Halafu kuna kufa. Mti wa kwanza niliokata uliniangukia mwenyewe. Nikajenga nyumba safi, nikawasha moto ndani, nikafunga mlango, nikafa kwa moshi. Mimi, niliyelelewa kwenye jiko la mafiga matatu! Mpwa alicheka hadi dada yangu akachukua simu kuuliza nani amefiwa.

Ila niseme kweli, njaa ya huko haiui. Usipokula unadhoofika tu, basi. Na mvua haingoji Novemba: inanyesha inapotaka, paa lenu mmelimaliza, mmeuzunguka moto bila neno, na mpwa kwa mara ya kwanza ameleta kuni. Hapo hata bei ya bando huikumbuki.

Jana tuliingia kinamasini. Ukifa, vitu vyako vyote hubaki kwenye kaburi, uvifuate mwenyewe. Kaburi langu liko huko, na shoka langu la shaba limo. Mpwa, ukisoma hapa, washa hiyo kompyuta.