Mhadhara wa Bingwa wa Kinaya

Mheshimiwa mwenyekiti, mabibi na mabwana, nanyi mlioketi nyuma mkingojea chai: itifaki imezingatiwa, maana nimeanza kwa kujisalimia mwenyewe. Mimi ndiye Bingwa wa Kinaya. Cheo hiki sikutunukiwa na chuo chochote. Nilijitunuku, baada ya kukosa aliyestahili kunitunuku.

Leo naichambua riwaya ya Mmarekani Walter M. Miller, A Canticle for Leibowitz, iliyotoka mwaka 1959 na kutwaa Tuzo ya Hugo mwaka 1961. Wasomaji wavivu hudai imejaa kinaya. Nimeipitia kwa miwani miwili. Sikukiona hata kimoja.

Sikilizeni. Mabomu ya nyuklia yameiteketeza dunia. Walionusurika wamewaua wasomi na kuchoma vitabu. Karne kadhaa baadaye, katika jangwa la Utah, mtawa kijana, Bruda Francis, anaokota karatasi za mhandisi Leibowitz. Moja imeandikwa vitu vya kununua dukani: nyama, kopo la kabichi chachu, mikate sita. Watawa wanaitunza kama masalia ya mtakatifu. Wajinga hucheka hapa! Mimi nimeitungia sherhe ya kurasa mia nne, na ile sura ya kabichi, kwa kweli, ilinitoa machozi.

Kisha Francis anamaliza miaka 15 akinakili mchoro wa sakiti ya umeme kwa nakshi za dhahabu, wala hajui ni mchoro wa nini. (Mbona mimi nafundisha nisichokijua na mishahara inaingia?) Akiwa njiani kwenda kwa Baba Mtakatifu, majambazi wanampora nakala inayometameta, wanamwachia mchoro halisi uliochakaa. Kinaya kiko wapi? Wangeniuliza mimi, ningewashauri wachukue hiyo hiyo.

Nasikia mnanong'ona kwamba Miller mwenyewe alikuwamo katika ndege zilizoilipua abasia ya Monte Cassino, Italia, Februari 1944, kisha akaandika habari za abasia inayookoa vitabu. Sadfa tu. Tena mnasema kwamba elimu iliyohifadhiwa na watawa hao inaishia, katika karne ya 38, kuunda mabomu yale yale na kuichoma dunia upya. Hilo ni suala la kiutawala. Ingeundwa tume, chini ya uenyekiti wangu, yangekwisha.

Maswali hayapokelewi. Sherhe yangu inauzwa pale mlangoni, kwa fedha taslimu. Asiyeielewa anunue ya pili.