Muulize Maalim: Kongamano la Wanablogu

*Maalim, nimetoa nauli na ada, nimekaa siku tatu katika kongamano la blogu na vyombo vipya vya habari, na nimerudi na mkoba, kalamu mbili na maumivu ya kiuno. Nimekosea wapi? – Mwanablogu Aliyechoka, Tanga.*

Mwanangu mpenzi,

Barua yako ilinifikia alasiri, nimejinyoosha barazani nikingoja kahawa, na kabla sijaimaliza aya yake ya kwanza, ambayo kwa rehema ya Mola ndiyo ya pekee, nilikwisha kuyatambua maradhi yako. Kwani mimi, ingawa si ada yangu kujitaja, nimealikwa katika makongamano kumi na moja, na katika yote nimeketishwa meza ya mbele, penye chupa za maji na maua ya plastiki. Katika la kwanza nilipewa dakika kumi nikanena saa moja na robo, wala hapana aliyethubutu kuondoka ila waliokaa karibu na mlango, na hao nimewasamehe.

Amma maradhi yenyewe ni haya: watu ambao fahari yao ni kuandika pasipo kumwomba mhariri ruhusa, na kujibiwa na msomaji papo hapo, hupangwa safu safu kama abiria wa basi la Korogwe, wakasomewa maneno yaliyokwisha kuangazwa ukutani mbele ya macho yao, kisha maswali yakaachiwa dakika tano, ambazo tatu huliwa na kipaza sauti kilichogoma na mbili na muulizaji anayewashukuru waandalizi. Muuza simu aliyelipia biriani hupewa saa nzima. Lakini aliyetaka kujua afanyeje pale kanuni za Tanzania za mwaka 2018 zilipomdai mwenye blogu ada na leseni zilizofika shilingi 2,100,000, huyo huambiwa kwa taadhima kwamba mada yake imeahirishwa hadi mwakani.

Dawa ninayo. Kila mnenaji na ashikishwe kiganjani bonge la barafu kutoka soko la samaki, anene mpaka liyeyuke au mpaka aombe radhi, lolote litakalotangulia. Dawa hii nilijaribiwa mimi mwenyewe katika kongamano la saba, na tangu siku hiyo sisafiri bila glavu za sufu.

Alikuwako Mmarekani, Harrison Owen, aliyetaabika kuandaa kongamano kubwa, halafu washiriki wakamwambia kwamba kilichowafaa zaidi ni mapumziko ya kahawa. Mimi ningalinuna miaka saba. Yeye mwaka 1985 akabuni mkutano ulio kahawa tupu, ambamo watu huketi duara, huandika ratiba wenyewe hapo hapo, na asiyefaidika wala kufaidisha huinuka akaenda kwingine kwa miguu yake miwili. (Kumbe wale wa mlangoni walikuwa wanafunzi wake! Msamaha wangu nimeuondoa.)

Wala si yeye peke yake. Twitter ilipovuma huko Austin, Texas, mwezi wa Machi 2007, skrini zake zilitundikwa ushorobani, watu wanapopishana. Na mpiga picha wetu Muhidin Issa Michuzi alikwenda Helsinki mwaka 2005 kwa mkutano wa mambo mengine kabisa, huko akakutana na Ndesanjo Macha, mmoja wa waliotangulia kublogu kwa Kiswahili, na ikazaliwa blogu ambayo haikuwamo katika ajenda ya mtu yeyote. Wazee wetu wa pwani wala hawakuhitaji safari hiyo: baraza kwao ni mkutano, na baraza ni kile kiti cha mawe nje ya nyumba, neno moja kwa sababu jambo lilikuwa moja. Waandalizi wako wamelikodishia baraza la kwanza ukumbi wenye kiyoyozi, la pili wakaliacha nje juani, na kahawa imebaki huko huko. Jambo hili nililibainisha mimi, kadamnasi ya watu, katika kongamano la nne, lile nililotunukiwa mwavuli, na kisa cha mwavuli huo, ambao mpini wake ni wa…

Mhariri ananionyesha saa. Kwa mukhtasari, basi: mwakani nenda, mkoba usiuchukue, na ukae karibu na mlango.

*Bi. Mwenye Mashaka wa Pangani, aliyeniandikia kurasa sita juu ya shemeji yake, mirathi na mbuzi wawili:* Hapana.