Mheshimiwa Kitochi

Wengine husifu wafalme, wengine majahazi, wengine macho ya wapenzi wao. Nimewahi kumsikia mtu akisifu embe dodo kwa nusu saa nzima, nami sikumkatiza. Leo naomba zamu yangu nikisifu kitu ambacho hakijapata mtu wa kukisifu: kitochi, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi utosini, ambayo hapa Dar es Salaam huitwa pia kiswaswadu, na majirani zetu wa Kenya huiita kabambe au mulika mwizi. Nimeishi nacho zaidi ya miaka kumi. Kimenikosesha vikao, kimenizuia mlangoni mwa ukumbi wa harusi, kimenifanya kichekesho cha wapwa zangu. Ndiyo maana nakisifu.

Kwa kuwa mtu hasifiwi bila kutajiwa ukoo wake, nianze na nasaba. Mzee wa ukoo huu ni Nokia 1100, iliyotolewa na kampuni ya Ufini mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250. Hakuna modeli nyingine ya simu, ya vitufe wala ya kupapasa, iliyopata kununuliwa na watu wengi kiasi hicho. Vitufe vyake vilifunikwa kwa mpira usiopitisha vumbi, ganda lake halikuteleza kwenye kiganja chenye jasho, na kichwani iliwekewa tochi. Waliofikiria vumbi, jasho na giza walikuwa wanatufikiria sisi. Changu mimi ni mjukuu wa pembeni, niliyemnunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa shilingi 25,000: laini mbili, redio, na jina la kampuni ambalo sijaliona tena popote duniani. Lakini mtoto wa nyoka ni nyoka, na nyoka mwenyewe yumo humo ndani, mzao wa yule aliyeingizwa kwenye simu za Nokia mwaka 1997, anayekula na kurefuka mpaka ajigonge mkia wake.

Hata lugha inakiheshimu. Simu janja imekaa kwenye ngeli ambayo moja na mia hazitofautiani. Kitochi kimewekwa kwenye ngeli ya KI-VI, pamoja na kiti, kitanda, kisu, kijiko na kibatari. Hivyo ni vitu ambavyo hakuna anayepiga navyo picha, na hakuna nyumba inayolala bila hivyo.

Tutazame na matendo yake. Mwaka 2007 yalitokea mambo mawili. Januari, huko San Francisco, Steve Jobs alipanda jukwaani akaionyesha dunia iPhone, na dunia ikapiga makofi. Machi, nchini Kenya, Safaricom ikaanzisha M-Pesa, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta kwetu. Huduma hiyo haikusubiri simu ya kioo. Ilipita kwenye vitufe vilivyofutika namba. Bibi aliyezoea kungoja konda wa basi la mkoani amletee bahasha ya shilingi elfu kumi akaanza kuipokea kiganjani kabla uji haujapoa. Iliyopigiwa makofi ilikuwa moja, iliyolipa ada za shule ilikuwa nyingine. Mpaka leo nikibonyeza *150*00#, kitochi hakinidai bando, hakinishauri nisasishe programu, wala hakiniulizi kama nimekubali vigezo na masharti.

Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia, kila mtu alikuwa akibonyeza *#06# na kuhakiki namba zake kwa wasiwasi. Binamu yangu alikuwa na simu pana inayong'aa kama sinia la harusi, na ilikuwa feki. Ilizimika usiku ule ikabaki kioo cha kujitazamia. Kitochi changu kilihakikiwa kikaonekana halali. Tangu siku hiyo nakiita Mheshimiwa.

Mheshimiwa ana afya njema. Chaji ya Jumapili hunifikisha Alhamisi. Akiugua, mfuniko hufunguliwa kwa ukucha, betri ikavuliwa, ikafutwa kwa pindo la shati, ikarudishwa, naye akaamka na kupiga mlio wake kama jogoo. Ameanguka ngazi za ghorofa tatu akagawanyika vipande vitatu, ganda, betri na mwili, nami nikaviunganisha nikaendelea na mazungumzo yaliyokatika. Umeme ukimwishia, jirani mwenye simu ya milioni moja na ushee huja kugonga kwangu kuomba mwanga, maana simu yake imezima. Namwangazia mita yake ya Luku na yeye anaingiza tarakimu 20 za tokeni nilizomnunulia kwa kitochi hichohicho. Huondoka akisema asante bila kunitazama usoni.

Kitochi kina mchango hata katika fasihi. Ujumbe wake una herufi 160, na Kiswahili kiliumbwa kana kwamba kilijua. Mwingereza huhitaji maneno matano kusema tunachokisema kwa moja: nitakutafuta. Walimu wa lugha waliwalaumu vijana kwa kuandika “xaxa” badala ya “sasa”, lakini walimu hawakuhesabu mibonyezo. Kwenye kitochi, S iko nyuma ya kitufe cha 7, nawe huipata kwa kubonyeza mara nne. X iko kwenye 9, mara mbili tu. “Sasa” hula mibonyezo kumi, “xaxa” hula sita. Mimi naamini vijana wale hawakukusudia kuharibu lugha. Walikuwa wanaokoa kidole gumba.

Kuhusu usalama sisemi mengi. Kibaka alinivamia jioni moja nikitoka kazini, nikampa simu na mfuko wa rambo uliokuwa na mkate. Aliigeuza simu mara mbili kwenye mwanga wa taa ya duka, akanirudishia, akaondoka na mkate.

Sasa tuje kwenye sifa yake kuu, yaani kunitenga na watu.

Katika vikao vya harusi, katibu husoma yatokanayo kwa dakika mbili, kisha husema, “Mengine yote yapo kwenye grupu.” Hapo watu ishirini huinamisha vichwa kama walioombwa kusali. Nami huinamia kitochi changu, nikasoma saa. Mwenyekiti akiuliza, “Mzee, umeiona ile bajeti?” natikisa kichwa. Nimetikisa kichwa kwa keki nisiyoiona, kwa sare ya kitenge ambayo sijui rangi yake, na siku moja kwa hoja ya kupandisha mchango wangu mwenyewe.

Mchango huo, shilingi 100,000, ulipita kwenye kitochi saa nne usiku bila kikwazo, na mweka hazina akashukuru papo hapo. Kadi ya mwaliko ndiyo haikuijua njia ya kurudia. Ilikuwa picha yenye kile kiboksi cha vidoa vyeusi, na picha haiingii kwenye kitochi. Mlangoni mwa ukumbi kijana aliyevaa tai aliniambia, “Baba, naomba kadi niskani.” Nikampa simu. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma. “Baba, hii ndiyo simu?” Nikamjibu, “Ndiyo iliyochangia.” Aliniketisha kwenye meza ya wapiga picha na madereva, karibu na mlango wa jikoni. Kwa hiyo chakula kilitufikia sisi kwanza. Nilikula kuku kabla ya wazazi wa bwana harusi, jambo ambalo wenye kadi hawawezi kujigamba nalo.

Wapo wanaosema mwenye kitochi huinua macho akaiona dunia wakati wenzake wameinamia vioo. Mimi sitawadanganya. Kwenye basi la mwendokasi kutoka Kimara huwa natazama simu ya jirani. Kwa njia hiyo nimesoma ugomvi wa wapenzi, bei za vitenge na utabiri wa mechi, tena bila kulipia bando. Nimefuatilia tamthilia ya Kikorea begani kwa binti mmoja kwa wiki nzima, maana tulikuwa tunapanda saa ileile. Ijumaa, mama mkwe alipokuwa ameshika kikombe cha sumu, binti akateremka Magomeni Mapipa. Mpaka leo sijui nani alikunywa.

Watu wenye huruma wamejaribu kuniokoa. Mpwa wangu, ambaye huniuliza kila tukikutana, “Anko, hiyo bado inashika mtandao?” aliniletea simu ya kupapasa mwisho wa mwaka. Niliitumia wiki tatu. Wiki ya kwanza niliingizwa kwenye makundi kumi na moja. Wiki ya pili nilijifunza kwamba mtu akiandika “Amina” wengine wote huandika “Amina”, na ukichelewa ukaandika yako wakati mazungumzo yamehamia kwenye bei ya mchele, unaonekana unaubariki mchele. Wiki ya tatu niliandika utani katika grupu la ukoo. Watu wakausoma, alama zikageuka bluu zote, na hakuna aliyejibu. Baada ya dakika kumi mtu akatuma picha ya maua yenye maneno ya asubuhi njema. Ilikuwa saa tatu usiku.

Hapo nikaielewa siri ambayo kitochi kilikuwa kimenitunzia miaka yote. Mtu asiyejua akae wapi ukumbini hajui akae wapi hata kwenye grupu. Tangu utotoni nilikuwa yule anayecheka baada ya wenzake kumaliza kucheka. Nilikuwa hivyo enzi za barua, nikawa hivyo enzi za simu za mezani. Kitochi hakikunifanya hivyo. Kilikubali tu kusingiziwa. Nisipofika, watu husema, “Msameheni, ana kale kakitochi kake.” Hawasemi, “Msameheni, anaogopa watu.” Niambieni ni ndugu yupi angebeba lawama yangu kila siku, miaka kumi, kwa shilingi 25,000 na chaji mara mbili kwa wiki. Simu ya mpwa wangu niliirudisha kwenye boksi lake, nikamwambia macho yanauma.

Ningeweza kuishia hapo, na sifa zingekuwa zimetimia. Lakini msifu mkweli hutaja na gharama.

Shangazi yangu alifariki Jumanne alfajiri. Saa mbili asubuhi ukoo mzima ulikuwa umeshajua. Mimi nilimpigia Jumatano jioni, kama nilivyozoea kumpigia katikati ya wiki, nikiwa na kisa cha yule kibaka na mkate, maana alikuwa akipenda visa vyangu. Simu ikapokelewa na binti yake. Nikaanza, “Shangazi shikamoo, leo una kazi ya kucheka.” Kukawa kimya. Kisha akasema, “Kaka, hawakukuambia?”

Walikuwa wamemzika mchana ule.

Hakuna aliyenitenga kwa kusudi. Habari iliwafikia watu sitini na nane kwa bonyezo moja, na kila mmoja wa sitini na nane aliamini mwingine amenipigia. Mimi nilikuwa wa sitini na tisa, na wa sitini na tisa alihitaji mtu atafute namba yake, abonyeze, angoje iite, kisha aseme kwa mdomo wake neno ambalo ni rahisi kuliandika kuliko kulitamka. Nilikitazama kitochi changu usiku ule nikatafuta lawama ya kukitwisha, kama nilivyozoea. Sikuipata. Aliyeirudisha simu ya mpwa wake kwenye boksi nilikuwa mimi.

Binti wa shangazi sasa hunipigia kila Jumatano jioni. Hatuna mengi ya kusema. Hunieleza nani anaumwa, nani kajifungua, nani kauza shamba bila kuwaambia wenzake, na nyuma ya sauti yake nasikia kuku wa marehemu wakigombania banda. Siku moja nilimsimulia kile kisa cha kibaka. Alicheka, kisha akalia, kisha akaniuliza mkate ulikuwa wa shilingi ngapi.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya Mheshimiwa ni hii. Kitochi hiki kina majina mia mbili na kumi, na wanaopiga ni saba. Simu nyingine hukuonyesha una marafiki wangapi. Hii hukuhesabia wanaokujali, kwa usahihi unaouma, na haijawahi kunidanganya hata siku moja. Ni kidogo, ni kibishi, kimefutika namba ya 5, na sina mpango wa kukibadilisha. Lakini nimeacha kujificha nyuma yake. Siku hizi kila jioni nampigia mtu mmoja kabla hajanipigia, hata kama ni kwa salio la kukopa.

Nawe msomaji, kama kwenye ukoo wenu yupo mtu wa sitini na tisa, usidhani ameshaambiwa. Mpigie. Na akikubipu, ujue salio limemwishia: mpigie wewe.