Sifa za Tairodi, Mkaguzi Asiyelipwa Posho

Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, na washairi wa pwani wamekwisha kusifu jahazi na mnazi. Tairodi haijapata mtu. Ni kweli kwamba kila dereva wa Noah kuukuu anayetoka Manchira kwenda Mugumu huitaja, tena kwa sauti kubwa, lakini maneno anayoyatumia hayachapishiki.

Kwa asiyeijua, tairodi ni kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, chenye kichwa cha mviringo kilichofungiwa ndani ya kikombe cha grisi na kuvikwa mpira mweusi wa kuzuia vumbi. Iko kati ya usukani na gurudumu la mbele: dereva akikata kona, ndiyo inayopeleka habari. Ukoo wake una heshima. Mwaka 1818, mjini London, Rudolph Ackermann alipata hataza ya mfumo wa kukatisha kona magari ya farasi, ambamo gurudumu la ndani ya kona hukata zaidi kuliko la nje. Aliyeubuni mfumo huo ni Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari wa Munich. Jina lililobaki vitabuni ni la Ackermann, aliyeshika karatasi. Tangu mwanzo, basi, ukoo huu umezoea mambo ya ofisi.

Fadhila zake ndogo zitajwe harakaharaka. Hufundisha hesabu, kwa sababu fundi asiyehesabu mizunguko anapoifungua, akaifunga mpya kwa kukisia, humrudishia mwenyewe gari linalotembea upande kama kaa. Hufundisha adabu ya nyundo: haipigwi kwenye nyuzi zake, hupigwa ubavuni mwa mkono wa gurudumu mpaka ichomoke yenyewe kwa mshtuko. Huunganisha mataifa pia. Boksi limeandikwa Japani, chuma kimetoka kwingine kabisa, na muuzaji yuko tayari kuapa kwa yote mawili.

Lakini fadhila kuu, inayostahili nishani, ni utumishi wa umma. Tairodi ni mkaguzi wa barabara. Haina ofisi, haina kiyoyozi, haisaini kitabu cha mahudhurio, na bado haijakosa kazini hata siku moja gari lilipotembea. Kiangazi hukagua rasta, ile mikunjo midogo ya changarawe ambayo magurudumu yenyewe huichonga, na ambayo hutikisa kila nati mpaka isahau jukumu lake. Mpira ukipasuka, vumbi huingia, grisi hutoka, na kichwa huanza kusaga kikombe chake. Masika ikija na udongo mweusi ukageuka utelezi, mkaguzi hubadilisha mbinu: huzama shimoni pamoja na gurudumu, hupima kina, huibuka na matokeo. Hakuna sampuli inayopelekwa maabara. Sampuli ni yeye.

Na huandika ripoti. Kwanza huiwasilisha kwa mdomo, kok-kok-kok, kila gari linapokatiza korongo. Asiposikilizwa, huileta kwa maandishi: tairi linaliwa upande mmoja tu, kuanzia ukingoni, hadi nyuzi zinaonekana. Mwisho fundi huitwa kuisoma. Huinua gari kwa jeki, hushika gurudumu usawa wa saa tatu na saa tisa, akalitikisa. Likicheza, ripoti ni ya tairodi, au ya raki endi iliyo nyuma yake. Likicheza usawa wa saa sita na saa kumi na mbili, hiyo ni idara nyingine: bolijointi au beringi, zenye malalamiko yake.

Ni kikao gani cha halmashauri kimewahi kupata taarifa safi namna hiyo? Ina mahali, ina tarehe, ina ushahidi, na haikuombewa mafuta ya gari.

Sasa kuna jambo linaloharibu sherehe. Nati ya tairodi ina mapengo juu yake ili pini ipite katikati na kuizuia isifunguke. Pini ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hiyo nzima. Hata hivyo, baadhi ya mafundi huikata wakati wa kufungua, huitupa, kisha huchomeka msumari na kuukunja. Msumari! Abiria kumi na mmoja wamebanana ndani ya gari la watu wanane, mbuzi yuko nyuma, mtoto amepakatwa na mtu asiyemjua, na kilichobaki kati yao na mtaro ni msumari wa kupigilia bati. Ukiuliza, jibu ni kwamba utafika tu. Na abiria nao, wakiusikia mlio, humwomba dereva aongeze sauti ya redio.

Hata hivyo fundi hakuchimba mashimo ya barabarani, na wananchi wamekwisha kuchanga. Mwaka 2017 Serikali ya Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, na katika bajeti hiyohiyo ikaongeza ushuru wa mafuta kwa shilingi 40 kwa lita. Mwaka 2021 ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mashine ya kusaga inayonguruma kwa dizeli kijijini, ambayo haijawahi kupita barabara yoyote, nayo imechanga. Mama aliyepeleka debe la mahindi amechanga, kwani bei ya kusaga hufuata bei ya dizeli. Mwenye Noah amechanga mara mbili, kwenye kituo cha mafuta na kwenye duka la spea.

Mipango ya lami imekuwapo, hilo halina ubishi. Makutano hadi Sanzate, kilomita 50. Sanzate hadi Nata, kilomita 40. Kisha Nata hadi Mugumu. Vipande hivyo vimesomwa kwenye hotuba za bajeti mwaka baada ya mwaka, na watoto wamekua wakivisikia. Greda lenyewe hufahamika vizuri kote nchini: huonekana siku chache kabla ya ugeni mkubwa, hulainisha njia atakayopita mgeni, kisha hupotea pamoja na vumbi la msafara. Mgeni huketi kwenye gari jipya lenye shokapu nene, huteleza hadi jukwaani, na kutoka huko huwapongeza wananchi kwa barabara nzuri. Tairodi ya gari lake haina la kuripoti. Bado haijaajiriwa.

Kwa hiyo wapenzi wa tairodi wanapendekeza utaratibu mpya. Ukaguzi ujao wa barabara ufanyike kwa Noah ileile, wiki mbili baada ya mvua, bila greda kutangulia. Mhandisi aketi mbele, mweka hazina katikati, mheshimiwa ampakate mtoto, redio izimwe. Posho ya siku hiyo ilipwe dukani, inunuliwe tairodi ya kulia na ya kushoto. Fundi ameshaulizwa na amekubali kwamba, kwa heshima ya wageni, safari hii ataweka pini.