Waraka kwa Jamaa wa Kiplombe Wanaokuja Ujerumani

Berlin, Ujerumani

Kwa Shangazi, Baba Mdogo, Kogo na jamaa wote wa Kiplombe,

Habari ya safari yenu ya kuja kutazama mbio za marathoni za Berlin mwishoni mwa Septemba imenifikia, na furaha niliyoipata ni kubwa, ila imechanganyika na hofu, kwa sababu nawajua ninyi na nimekwisha kuijua nchi hii, na sioni ni nani kati yenu nayo atakayekubali kushindwa. Kwetu jambo lolote, liwe la mpaka wa shamba, la mahari au la nauli ya matatu kutoka mjini, halina mwisho mpaka watu waketi walizungumze, waondoke, warudi, walizungumze tena. Huku mazungumzo yalikwisha kufanywa zamani, na watu ambao aghalabu wamekwisha kufa, yakaandikwa, yakapigwa muhuri. Na mwenyeji atakayewapokea si mimi wala si Mjerumani yeyote, ni kanuni.

Mimi si wa kwanza kuwaeleza watu wa kwetu mambo ya nchi hii. Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, alifika Hamburg mwaka 1867 akiwa mke wa Heinrich Ruete, akaandika barua ndefu kwa mwenziwe aliyebaki nyumbani, zikachapishwa baada ya kufa kwake. Kisha akaja Amur bin Nasur, naye kutoka Unguja, aliyefundisha Kiswahili papa hapa Berlin tangu 1891, katika chuo cha lugha za Mashariki kilichoasisiwa mwaka 1887. Na baada yake Mtoro bin Mwinyi Bakari wa upande wa Bagamoyo, mwandishi wa habari za desturi za Waswahili. Wote hao walikuwa mabingwa wa kalamu, wala sithubutu kujilinganisha nao, ila kwa jambo moja: katika wao hakuna aliyekuwa na shangazi anayekusudia kuja na kibuyu cha mursik.

Shangazi, kwa taadhima zote, kibuyu hicho kiache. Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri atokaye nje kuingiza nyama wala maziwa katika mizigo yake, na mursik, hata ikilazwa siku nyingi na kupakwa mkaa wa mti wa senetwet mpaka ikageuka rangi ya wingu la mvua, mbele ya afisa wa forodha itabaki kuwa maziwa. Usijisumbue kumweleza kwamba mabingwa wetu wakirudi na medali hupokewa kwa kibuyu kama hicho hicho. Atakusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha atakimwaga. Nyama iliyokaushwa nayo ina hukumu hiyo hiyo. Katika matunda, yanayopita bila cheti cha afya ya mimea ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Parachichi halimo, embe halimo, na aliyelikumbuka duriani akalisahau embe ni dhahiri hakupata kutembea sokoni Eldoret. Asali inapita, isizidi kilo mbili kwa mtu mmoja. Na majani ya chai ya Nandi Hills njooni nayo ya kutosha, kwa sababu ambazo nitazieleza mbele.

Ama kwa habari ya viza, ada yake ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, nayo hairudishwi hata mtu akinyimwa. Na muda wa kukaa hauzidi siku 90 katika kila siku 180. Fauka ya hayo mtatakiwa mwe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Baba Mdogo ameuliza kwa simu kama serikali ya huku inamtakia maradhi. La, haimtakii; inataka tu kwamba akiugua, augue kwa gharama ya mtu mwingine asiyekuwa mwenyeji wake.

Mkishuka Berlin mtakuwa mmeshukia uwanja uliokusudiwa kufunguliwa Juni 2012 na ukafunguliwa 31 Oktoba 2020. Nawaomba msiitaje habari hii mezani, maana watu hawa, ambao ulimwengu mzima umewasifu kwa kushika wakati, wanaionea haya kama tunavyoyaonea haya mashimo ya barabara yetu, nasi wa Eldoret tumekuwa jiji tangu Agosti 2024 na mashimo tumeyachukua pamoja nasi. Uwanja uko nje kidogo, katika ukanda wa tatu wa nauli, kwa hiyo kateni tiketi ya kanda zote tatu, A, B na C. Hapo sasa ndipo penye mtego. Kituo cha treni hakina lango, hakina mlinzi, hakina kondakta anayening'inia mlangoni akipiga mluzi na kudai nauli. Mtu anaingia kama aingiavyo uani kwake, na mgeni hudhani kwamba hii ni sadaka ya serikali. Si sadaka. Tiketi ya karatasi hununuliwa kwenye mashine, kisha ikagongwa muhuri katika kisanduku kilichopo pale pale kituoni kabla ya kupanda, na isiyogongwa ni sawa na isiyonunuliwa. Halafu, treni ikisha kuondoka, kijana aliyeketi karibu nawe amevaa koti la kawaida husimama ghafla, akatoa kitambulisho, na faini ni yuro 60. Hakuna nusu yake, hakuna "tuelewane", na machozi ya mtu mzima huandikiwa risiti ile ile.

Barabarani magari hupita upande wa kulia, kinyume cha kwetu, kwa hiyo shingo iliyozoea kutazama kulia kwanza ifundishwe upya. Hili silisemi kwa mzaha: mume wa yule Sayyida Salme aliangamia kwa ajali ya tramu huko Hamburg mwaka 1870, naye alikuwa mzaliwa wa mji ule ule. Penye taa, tazameni kijimtu. Berlin kijimtu hiki huvaa kofia. Alichorwa mwaka 1961 upande wa mashariki ya mji, na nchi iliyomzaa ilipokufa yeye akabaki kazini. Akiwa mwekundu, mtu hasogei, hata ikiwa ni usiku wa manane, na njia ni tupu, na mvua inanyesha. Mkivuka mbele ya watoto mtaonywa na bibi kizee msiyemjua, naye atakuwa na haki. Ile njia iliyojitenga kando ya barabara, yenye watu wazuri wasio na haraka, ni ya waenda kwa miguu. Na ile iliyo tupu, pana, inayowavuta mkae hapo mpige picha, ni ya baiskeli, nazo zaja kwa kasi wala hazina huruma.

Mbio zenyewe hukimbiwa Jumapili, na hapa nawataka mnisikilize vizuri. Katiba ya nchi hii, iliyotiwa sahihi mwaka 1949, imelipokea sharti la katiba iliyotangulia, ya mwaka 1919, kwamba Jumapili ilindwe iwe siku ya mapumziko na ya kuinua roho. Na roho haiinuliwi dukani. Siku hiyo kwa kawaida maduka makubwa hufungwa, zikasalia hoteli, baadhi ya maduka ya mikate kwa saa chache, vituo vya petroli na vile viduka vya stesheni kubwa ambavyo bei zake hukumbusha dhambi. Asiyenunua unga Jumamosi, Jumapili atakula ahadi. Kadhalika ni siku ya kimya: hapana kutoboa ukuta wala kutupa chupa katika pipa la vioo, na kila siku tangu saa nne za usiku hadi saa kumi na mbili za asubuhi ukimya ni haki ya jirani. Shangazi, wewe unayeanza nyimbo za asubuhi saa kumi na moja kwa sauti inayofika Turbo, jitahidi wiki moja kuimba moyoni.

Chupa nazo zina fedha. Mkinunua maji au soda katika chupa ya plastiki itumikayo mara moja mtatozwa senti 25 zaidi, ambazo hurudishwa mkiipeleka chupa tupu kwenye mashine ya dukani. Basi msiitupe, na msimdharau mzee mnadhifu mtakayemwona akichungulia mapipa kwa tochi. Taka hugawanywa: karatasi mbali, vifungashio mbali, maganda ya viazi mbali, na vioo kwa rangi zake. Baba Mdogo aliyewahi kukaa katika baraza za ardhi miaka mingi atapata hapa mabishano ya kumridhisha, maana jirani yangu na mimi hatujakubaliana bado juu ya kifuko cha chai: majani ni mabichi, karatasi ni karatasi, na kamba yake je?

Katika chakula, mchana watu hupika, lakini jioni katika nyumba nyingi huletwa mkate mweusi mzito, jibini na nyama baridi, na hicho ndicho chajio kamili. Msingojee sufuria, hakuna sufuria inayokuja. Chai huletwa maji ya moto na kifuko pembeni, bila maziwa, na ndiyo sababu ya yale majani ya Nandi Hills. Hotelini mkiomba maji mtaletewa yenye gesi, nayo hulipiwa. Anayetaka yaliyotulia aseme. Kila mtu aweza kulipa chake, na mhudumu huongezewa kidogo, kama sehemu moja katika kumi. Hakuna kumtembelea mtu bila miadi, hata kama taa inawaka na harufu ya kahawa inatoka dirishani. Na mkimjua mtu ambaye siku yake ya kuzaliwa ni kesho, msimpongeze leo, kwa kuwa ni nuksi. Ngojeni siku yake, na keki ataileta mwenyewe.

Kwa hayo yote mtadhani kwamba treni za huku hupita kama saa ya ukutani. Mwaka 2024 treni za safari ndefu zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5, na ijulikane kwamba treni isiyofikisha dakika sita za kuchelewa huhesabiwa kuwa imewahi. Najua Baba Mdogo atashangilia. Asishangilie: kuchelewa ni haki ya reli, si ya abiria, na siku atakayochelewa yeye ndiyo treni itakayoondoka kwa sekunde yake.

Jambo la mwisho ni hili. Kila mtakapotaja Eldoret, macho ya watu yatashuka mpaka miguuni penu. Hapa ndipo Tegla Loroupe alipovunja rekodi ya dunia ya wanawake mwaka 1999 kwa saa 2:20:43, Paul Tergat ya wanaume mwaka 2003 kwa 2:04:55, Dennis Kimetto mwaka 2014 kwa 2:02:57, na Eliud Kipchoge mwaka 2022 kwa 2:01:09. Kwa hiyo watu hawa hawaamini kwamba kwetu kuna mtu anayetembea. Mtaulizwa mnakimbia kwa saa ngapi. Msikane, maana hawatasadiki, wala msiahidi, maana wataandika. Semeni kwamba mwaka huu mnapumzika.

Basi njooni. Njooni na masweta, asali, majani ya chai na karatasi zenu zote katika bahasha moja, na mursik mumwachie Kogo, aliyesema haji na ambaye kwa jambo hili ameonyesha hekima kutushinda sote. Mwenye swali aniulize kabla ya kupanda ndege, kwa kuwa akisha kupanda, ajuaye si mimi tena.

Ni mimi mtoto wenu mtiifu,
Berlin.