Ruta Inapogoma Nyumbani

Intaneti ya nyumbani ikikata, wa kwanza kulaumiwa ni kampuni, wa pili ni mtoto aliyekuwa akicheza gemu. Ruta yenyewe huzimwa na kuwashwa tu, na ajabu ni kwamba mara nyingi hiyo inatosha. Ruta ni kompyuta ndogo: kumbukumbu ikijaa au programu ikikwama, kukatiwa umeme kwa nusu dakika huifanya ianze upya. Ila inayodai dawa hiyo kila jioni bado ni mgonjwa.

Baadaye ziangaliwe taa. Kwenye nyumba zenye faiba, taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, na kubadilisha paswedi ni kujichosha bure. Kabla ya kumpigia fundi, lisogezwe kochi. Ule waya mwembamba wa njano una uzi wa kioo ndani. Ukikaliwa na mguu wa kochi, au ukikunjwa mno ili wageni wasiuone, mwanga huishia hapo hapo.

Taa zikiwa shwari na video bado inakwamakwama, kosa huwa ni la mahali. Sebule nyingi huificha ruta nyuma ya televisheni, kisha huifunika kitambaa cha kufuma ili isipitwe na redio. Kitambaa huizidishia joto, na televisheni huzuia mawimbi. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta kuliko yale ya gigahezi 5, lakini ndiyo hayo hayo ya maikrowevu: kiporo cha pilau kikipashwa moto, bosi aliye kwenye mkutano wa video hukatika katikati ya sentensi. Wapo wanaoiona hiyo ni faida. Majirani nao wamo. Katika masafa hayo kwa kawaida ni chaneli 1, 6 na 11 tu zisizoingiliana, kwa hiyo ruta za ghorofa nzima hubanana humo. Mwenye subira huingia kwenye mipangilio, kwa anwani iliyo kwenye kibandiko cha chini, akachagua chaneli yenye nafuu.

Chaja haishukiwi na mtu. Ile ya asili ikiungua, huazimwa ya kifaa kingine kwa sababu tu pini inaingia. Ruta ya volti 12 ikipewa 9 inaweza kuwaka vizuri, lakini ikielemewa na kazi inajizima na kujiwasha yenyewe, na lawama zinarudi kwa kampuni.

Mwisho kabisa ni kile kitundu kidogo cha nyuma. Kikibonyezwa kwa pini ya hijabu kwa sekunde kama 10, hufuta kila kitu: jina la mtandao, paswedi, na pengine namba za siri alizoweka fundi, ambazo hakuna aliyezinakili. Ruta ikifufuliwa na kupewa paswedi mpya, mtoto wa jirani hufika na salamu ndefu kutoka kwa mama yake, simu ikiwa mkononi.