Ipi Kati ya Hizi Inadhoofisha Hoja ya Mama?

Mtihani wa kuingia chuo cha sheria hapa Marekani hauna sheria ndani yake. Hamna katiba, hamna kifungu, hamna hata kesi ya mwizi wa kuku. Unaitwa LSAT, ulianza mwaka 1948, na kazi yake ni kupima kama ukipewa maneno ya mtu unaweza kuona yalipotoboka. Nilimweleza hivyo mama, aliyekuwa amekuja Houston kututembelea kutoka Tanga. Akaniangalia, akasema, "Yaani unalipa pesa wakupime ubishi? Mbona huo unao tangu mdogo."

Mama ana vipimo vyake kuhusu elimu ya sheria. Kwetu sheria ni shahada ya kwanza: unamaliza kidato cha sita, unaingia chuo, yameisha. Chuo cha Dar es Salaam chenyewe kilifunguliwa mwaka 1961 kikiwa na kitivo hicho kimoja tu, na mama huisimulia habari hiyo utadhani alikata utepe. Hapa lazima kwanza uwe na shahada ya kitu kingine, chochote kile, ndipo uombe kusoma sheria miaka mitatu. Mimi ninayo ya uhasibu. Mama hakuona sababu ya mhasibu, ambaye tayari anapiga shifti za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, kurudi darasani kukaa na watoto. Ila alipotaka kunitia moyo alinikumbusha matokeo ya mwaka 2022 ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo kule nyumbani, walipofaulu watu 26 kati ya 633 na wengine wote ama kurudia ama kuondolewa, mpaka waziri akaunda kamati. "Kwa hiyo usiogope," alikuwa akimalizia. Mpaka leo sijaiona njia ya kutoka kwenye hizo takwimu hadi kwenye hilo "kwa hiyo", na kutafuta njia za namna hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kila asubuhi.

Maana maswali yenyewe yako hivi. Mtu anasema: mji fulani uliweka taa za barabarani, wizi ukapungua, basi taa huzuia wizi. Wewe unaulizwa: ipi kati ya sentensi tano zifuatazo, ikiwa ni kweli, inadhoofisha hoja hiyo zaidi? Pengine mwaka huohuo askari waliongezwa. Pengine wezi walihamia mji wa jirani. Una dakika 35 kwa maswali ishirini na ushee, halafu unaanza sehemu nyingine ya dakika 35. Ukishinda na mambo hayo wiki kwa wiki, akili huanza kufanya kazi hata pale ambapo hakuna aliyeiomba.

Naishi kwa kaka. Yupo yeye, wifi, watoto wao wawili, na chumba kimoja ambacho mimi na mama tulikuwa tunakigombania na masanduku yake. Jioni moja wifi akalalamika mezani: "Kila nikipika pilau, kaka yako anachelewa." Sikuwa na nia ya kumtetea mtu. Nilisema tu kwamba mambo mawili kutokea pamoja si ushahidi kuwa moja limeleta jingine. Labda pilau hupikwa Ijumaa, na Ijumaa jioni barabara za Houston hazipitiki. Kaka aliitikia kwa kichwa, taratibu, kwa heshima ambayo hajawahi kunipa tangu tuzaliwe. Wifi akaweka upawa chini.

"Haya. Nitapika Jumanne, tuone."

Akapika Jumanne. Kaka akachelewa. Sikuulizwa tena kitu mezani kwa muda mrefu.

Aliyeteseka zaidi ni mama, kwa sababu mama huongea kwa methali na mimi nilikuwa nazisimamisha moja moja kuzikagua. Alisema mtoto wa nyoka ni nyoka, akimkusudia kijana wa jirani mwenye pikipiki. Nikasema kwa nyoka ni sawa, kwa jirani tunahitaji ushahidi zaidi. Alisema dalili ya mvua ni mawingu. Nikamweleza, kwa upole kabisa, kwamba dalili haitoshi kuwa uthibitisho, kwamba yapo mawingu mengi yanayopita bila kunyesha. Hakunijibu. Alitoka kwenye roshani, ambako wenye majengo wanakataza kuanika na sisi tunaanika, akaanua nguo zake. Zangu akaziacha kwenye kamba zisubiri uthibitisho. Mvua ya Houston haina salamu, ikifika imefika. Nilipokuwa nakamua mashati, mama alikuwa anakunja kanga zake kavu na kuimba kaswida.

Halafu kuna mjomba. Mjomba ni mteja mkubwa wa yale mauzo ya Jumamosi ambapo Wamarekani hutandaza vyombo vya nyumbani mbele ya gereji zao. Alivyosikia najiandaa, akaja na boksi zima la vitabu vya LSAT, vimepigiwa mistari na mtu ambaye huenda sasa hivi ni jaji. Vyote vilikuwa vya michezo ya mantiki, sehemu iliyokuwa ikiwatoa watu jasho kuliko zote. Shida ni kwamba sehemu hiyo ilishafutwa. Mtu mmoja wa Michigan asiyeona alikwenda mahakamani akidai kwamba mafumbo yale hayafumbuliki bila kuchora, na kuchora ndiko asikokuweza. Mwaka 2019 waandaaji wa mtihani wakapatana naye, na kuanzia Agosti 2024 michezo ikatoka. Nilimweleza mjomba yote hayo. "Vitabu haviozi," akasema, na akaulizia chai.

Kweli havikuoza. Mama alichukua kimoja akanitaka nimsomee. Nikasoma: wageni saba wanaketi kwenye meza ya duara, F hawezi kuketi karibu na G.

"Kwa nini?"

"Hawajasema, mama."

"Wamegombania nini?"

"Hizi ni herufi tu."

"Herufi hazigombani. Hapo kuna mtu kaolewa na mtalaka wa mwenzie. Endelea."

Nikaendelea: H sharti akae karibu na J. "Huyo ndiye mpelekaji maneno," mama akasema. Alishuka mkekani, akaomba vikombe vya kahawa, akavipanga duara. F akamweka karibu na mlango ili akikasirika aondoke bila kupita mbele za watu. G akapelekwa upande wa ukutani. K, ambaye kitabu hakikuwa kimesema lolote kuhusu umri wake, akapewa nafasi ya mtu mzima. Mimi nilikuwa bado nachora mduara. Nikafungua majibu nyuma ya kitabu: sahihi. Alitaka mengine. Akayapanga na hayo, huku akimsema vibaya F, ambaye kila ukurasa alikuwa na ugomvi mpya. Mama amepanga wageni kwenye harusi za Tanga, Pangani na Muheza maisha yake yote, harusi zenye mawifi wasiosalimiana na mabwana wenye wake wawili kwenye jamvi moja. Mambo yaliyokuwa yakiwaliza vijana wa vyuo vikuu, kwake yalikuwa Jumamosi ya kawaida. Nilisikitika kwa dhati. Wameifuta sehemu pekee ambayo familia yetu ingepata alama zote.

Kuhusu kanuni nyingine za mtihani mama alikuwa na maoni ya haraka. Alipoambiwa ukikosa hawakupunguzii alama, akasema basi usiache tupu hata moja, ushauri ambao kozi za maandalizi hutoza fedha kuutoa. Nilipoeleza kwamba sehemu ni nne lakini zinazohesabiwa ni tatu, ile nyingine wanajaribishia tu maswali yao na hawakuambii ni ipi, alishangaa. "Unafanyaje kazi isiyolipwa, na hujui ni ipi?"

"Hiyo ni ndoa," wifi akasema kutoka jikoni.

Lililotushinda wote ni chumba. Vituo vya karibu vilikuwa vimejaa, kwa hiyo nilichagua kuufanyia mtihani nyumbani, kwa kompyuta, nikiangaliwa na msimamizi kupitia kamera. Masharti: uwe peke yako, asiingie mtu, kuta na meza zionyeshwe, isisikike sauti. Yaliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuishi na ndugu zake. Kwetu hata bafuni kuna foleni. Sebule ni njia ya kwenda jikoni, jikoni ndipo wifi alipo, chumba cha watoto hakina kitasa tangu mmoja wao alipokifungua kwa kijiko kuona kina nini ndani. Likabaki kabati la nguo chumbani kwetu, yale makabati ya Kimarekani ya kuingia mzimamzima na kufunga mlango nyuma yako. Nikaingiza meza ndogo, kiti na taa. Magoti yakagusa masanduku, kichwa kikagusa nguo. Intaneti ilifika, ikiwa imechoka kidogo.

Asubuhi ya mtihani msimamizi alitokea akiwa sauti tu, kijana mwenye adabu, nikazungusha kamera polepole kumwonyesha kuta. Akanisimamisha.

"Nyuma yako kuna maandishi."

Nikageuka. Zilikuwa kanga za mama, doti za zawadi kwa wanawake wa Texas nzima, zimeninginizwa na maneno yake nje. HASIDI HANA SABABU. WEMA HAUOZI. Nikamwambia ni nguo tu. Akauliza nguo zinasema nini. Nikamwambia zinasema wema hauozi. Alinyamaza kwa muda, nadhani akipitia kanuni zake, kisha akaniomba niyafunike. Nikachukua kanga nyingine nikafunika. Nayo ilikuwa na maneno. Nikaichukua ya tatu. Kijana yule alisubiri kwa uvumilivu wa ajabu huku mimi nikifunika jina kwa jina, akiamini, bila shaka, kwamba moja ya hizo ndiyo jibu la swali la kumi na nne. Ningefurahi sana ingekuwa kweli. Mwishowe nikatundika juu yake koti zito la baridi la kaka, alilonunua kabla hajajua Texas ni nini, na mtihani ukaanza.

Sehemu ya kwanza ilikwenda. Katika ya pili nikiwa katikati ya ufahamu, kifungu kirefu kuhusu haki za maji, kijana akarudi.

"Nasikia sauti ya mtu. Uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Ni mama yangu, yuko nje ya mlango."

"Anaongea na nani?"

"Na Mungu."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu mtihani."

Kila jibu lilikuwa kweli tupu, na kila moja lilizidi kunitia hatiani. Mama alikuwa amejiwekea kiti mlangoni kuzuia watoto, na kwa kuwa hana desturi ya kukaa bure, akawa anashusha dua. Msimamizi akasema sauti ikome. Nikaomba ruhusa ya kusema sentensi moja, nikapewa.

"Mama, tafadhali omba kimoyomoyo!"

"Nani anayekataza dua?"

"Msimamizi, mama."

"Mwanaume au mwanamke?"

"Mama!"

"Basi mwambie na yeye nimemtia."

Kijana akauliza mama amesema nini. Nikamwambia anamwombea na yeye pia. Kwenye spika kukawa kimya. "Mwambie asante," akasema, "lakini asiongee tena." Muda wote huo saa ya kwenye kioo ilikuwa inahesabu kurudi nyuma, wala haikutuhurumia. Nilimaliza kifungu cha maji kwa kuvuka mistari, nikajaza zote kama mama alivyoagiza, nikaomba nami kimoyomoyo kwamba hiyo ndiyo iwe ile sehemu isiyolipwa. Mapumziko ni dakika kumi baada ya sehemu ya pili. Nilipofungua mlango nilimkuta mama ameziba mdomo kwa mtandio na ameshika kikombe cha uji. Watoto walikuwa wamekaa sakafuni, wametulia kiasi kwamba wifi aliwapima joto.

Matokeo yaliletwa kwa barua pepe wiki kadhaa baadaye, tukiwa mezani. Alama za LSAT huanzia 120 na kuishia 180, na mtu wa katikati huangukia hapo juu kidogo ya 150. Nilikuwa na 157. Kaka akapiga makofi. Mjomba akadai mchango wa vitabu vyake. Mama akataka kuelewa kwanza.

"Hiyo 120 anapewa nani?"

"Ndiyo ya chini kabisa, mama. Hata aliyekosa maswali yote anapata 120."

"Anapewa kwa kufika tu?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo si yako, ni ya kufika. Toa hiyo. Umepata 37."

Nilifungua kinywa. Nikatafuta dhana iliyojificha, nikatafuta sababu nyingine inayowezekana, nikapitia moja moja kasoro zote nilizozisoma asubuhi zote zile. Hoja ilikuwa imesimama imara. Nilipoinua macho mama alishaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba mtoto wake amepata 37, na pole zikawa zimeanza kuingia, ya kwanza kutoka Muheza.